Nyumba Ikiisha, Mbwa wa Saiti Aende Wapi?

Huku Kigamboni, Dar es Salaam, mbwa huajiriwa siku inaposhushwa tripu ya kwanza ya mchanga. Kiwanja kimefyekwa, msingi umechimbwa, nondo na mifuko ya saruji imefungiwa kwenye kibanda cha mabati, na mwenye mali anaishi ng'ambo, Tabata au Ukonga, anakuja Jumapili kwa Jumapili. Mlinzi mmoja hatoshi, maana mlinzi naye ana usingizi. Basi anatafutwa mbwa. Mara nyingi hanunuliwi. Fundi anatokea naye asubuhi moja, kitoto cha miezi miwili, kamweka ndani ya ndoo ya zege. Anakulia palepale kwenye pagala, analala juu ya mifuko mitupu ya saruji, anakula ukoko wa ugali wa mafundi, na akifikisha mwaka anaujua mlio wa gari la bosi kabla halijakata kona.

Ujenzi wetu ni wa kudunduliza. Miaka mitatu, mitano, wakati mwingine saba. Kisha nyumba inaezekwa, inapigwa plasta na rangi, geti linafungwa, familia inahamia. Hapo yule mbwa mwenye ncha za masikio zilizoliwa na inzi anaonekana hafanani na nyumba. Mama anasema ana kupe, watoto wanamwogopa, na baba ameshaongea na mtu wa Goba anayeuza German Shepherd. Bosi hana ubaya wa kumuua. Anaacha tu kumwekea chakula, akitumaini ataelewa.

Mbwa haelewi. Anaendelea kulala nje ya geti alilolilinda kabla halijakuwa geti.

Wengi waliopita uani kwangu wana historia hiyo. Wapo na wengine. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwelikweli, watumishi walianza kufunga mizigo, na lori la mizigo lina nafasi ya kabati na friji, la mbwa halina. Wapo wa wageni wa Masaki ambao mkataba umeisha. Hao huja na blanketi, bakuli la chuma lenye jina, na barua ndefu inayoeleza kwamba hapendi radi. Na wapo wa kwenye kiroba. Hao hawaletwi na mtu. Asubuhi unafungua geti unakuta kiroba kimefungwa kamba mdomoni, kinajigeuzageuza chenyewe.

Sina kituo chenye kibao. Nina ua uliozungushiwa matofali, mabanda ya mabanzi, tangi la maji, na kijana anayenisaidia kupika dona na vichwa vya dagaa katika sufuria iliyowahi kupikia pilau la harusi. Mtaani wananiita Mama Mbwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Nimezoea yote mawili.

Watu hudhani kazi ngumu ni kuokoa. Kuokoa ni kazi ya siku moja: unapanda bajaji, unambeba, unampeleka kwa daktari wa mifugo. Kumpatia kwao pengine ndiko kunakokula miezi. Wanaopiga simu karibu wote wanamtaka mbwa yuleyule: dume, mkubwa, mkali, mweusi ikiwezekana, asiyekula sana. Nikiwaambia nina jike wa miaka minne, mpole kwa watoto, anayebweka akisikia mtu anagusa ukuta, kimya kinaingia kwenye simu. "Jike ataniletea mbwa wa mtaa mzima, mama."

Hapo ana hoja. Jike asiyefungwa kizazi hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, na anaweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mkupuo. Viroba vinavyoachwa getini kwangu vinaanzia hapo. Kwa hiyo jike haondoki uani bila kufanyiwa upasuaji, na upasuaji huo nimeufanya kuwa sehemu ya mbwa, kama mkia wake. Anayempenda lakini hapendi kovu, basi amwache. Ajabu ni kwamba watu hawana shida na kumfunga kizazi jike. Shida inakuja nikitaja kuhasi dume. Wanaume wazima wanaotaka mbwa wa kulinda duka hukunja miguu wakiwa wamekaa. Wanaamini akihasiwa ataacha kubweka. Nimeeleza mara nyingi kwamba mbwa habweki kwa kutumia sehemu ile, na kwamba dume aliyehasiwa hutulia kwake badala ya kuruka ukuta kila jike wa jirani anapopata joto. Wengine wanacheka, wanakubali. Wengine wanaondoka na aibu ambayo si yao.

Anayebaki kwenye simu namwuliza swali moja kabla ya mengine yote: mbwa wako wa mwisho alikufaje?

Sijapata swali lingine linalofanya kazi kama hilo. Ukimwuliza mtu kama anapenda wanyama, atasema anapenda. Ukimwuliza kama atamlisha, nani atajibu hapana? Lakini mbwa wa mwisho alikufaje, hapo mtu anajieleza bila kujua. "Alipotea" maana yake aghalabu ni kwamba geti huwa wazi na hakuna aliyemtafuta. "Aligongwa" inaweza kuwa bahati mbaya. "Wote wawili waligongwa" si bahati mbaya. "Alilishwa sumu na wezi" nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kweli wezi hurusha nyama yenye sumu kabla ya kuruka ukuta, na hapo namwuliza amebadilisha nini. Kuna mama mmoja alinyamaza kidogo, akasema mbwa wake alizeeka, akawa haoni, akawa anagonga miguu ya meza, mpaka siku moja hakuamka, na mpaka leo hajaitoa ile sahani yake ya bati pale chini ya mwembe. Sikumwuliza kingine. Nilimwuliza tu aje na gari au bodaboda.

Swali la pili ni la banda. Wasomaji wa bara na pwani mnalijua: sanduku la mbao na wavu, upana wa mkeka, nyuma ya nyumba karibu na karo. Mbwa anaingizwa alfajiri, anatolewa saa mbili usiku. Mchana kutwa yumo humo juani ili "asizoee watu", kwa imani kwamba mbwa asiyezoea watu ndiye mkali. Anachokuwa si mkali, ni mwoga. Mbwa mwoga hubweka kila kitu, kuanzia mpapai ukitikiswa na upepo mpaka paka, kwa hiyo siku mwizi anakuja hakuna anayeamka kumsikiliza. Na akipata upenyo huuma anayemfahamu, hasa mtoto, kwa sababu mtoto hajui kwamba kiumbe anayekaa kwenye sanduku hatakiwi kushikwa kichwani. Kwa hili siongei kwa upole. Mwenye kutaka mbwa wa banda la mchana kutwa simpi, hata kama ana ghorofa tatu na amekuja na mfuko wa chakula cha dukani.

Nani anabaki, basi?

Kuna fomu zinazozunguka mtandaoni kutoka Ulaya na Marekani, za watu wanaotaka kuchukua mbwa. Nyumba ni yako au umepanga? Ua una uzio wa urefu gani? Mbwa atalala ndani? Ukimpa fomu hiyo mtu wa Kibada au Mjimwema, atakayeshinda ni mwenye ukuta mrefu, na mwenye ukuta mrefu ndiye mwenye banda nyuma. Atakayeanguka ni mlinzi wa usiku, mtu anayelipwa kidogo, asiye na nyumba, anayekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya fremu za maduka kuanzia jioni mpaka asubuhi. Nami nasema, kwa jinsi nilivyoona, hakuna nyumba bora kwa mbwa wetu kuliko mguu wa mlinzi wa usiku.

Nondo alinifundisha hivyo. Nondo ni jike wa kijivu, mwembamba, tuliyemchukua kwenye pagala moja upande wa Gezaulole. Tulianza kusikia harufu kabla hatujaona kitu. Alipokuwa mtoto alivishwa kamba ya katani shingoni, fundo la kudumu, na shingo ikaendelea kukua. Kamba haikukua. Nyama iliifunika pande zote, kikabaki kipande cha fundo kinachochungulia chini ya kidevu, kimevimba usaha. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akanyoa manyoya kwa wembe, akaanza kukata nyuzi moja moja kwa mkasi mdogo huku mimi nikimwagia maji ya chumvi yaliyochemshwa. Katani ikilowa usaha hukakamaa. Alikuwa anaivuta kwa koleo, inatoka na kipande cha ngozi. Chini yake palikuwa pameingia mtaro unaotosha kulaza kidole. Alipoamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kutikisa kichwa, kulia na kushoto, akatulia, akatikisa tena, kama anayehakikisha.

Hakuna aliyemtaka. Jike, mwembamba, shingo ina pete isiyoota manyoya. Alikaa kwangu mpaka akawa mwenyeji wa kuwakaribisha wengine. Siku moja akaja mzee anayelinda safu ya fremu karibu na kituo cha daladala, kuniletea gunia la maranda kutoka kwa seremala. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama." Akakaa kwenye jiwe kunywa maji. Nondo akaenda kukaa karibu na viatu vyake. Mzee akamtazama muda mrefu, akauliza, "Huyu hulala saa ngapi?"

Katika wote waliowahi kuja, huyo ndiye wa kwanza kuuliza mbwa anafanya nini na usiku wake. Nilimwambia hulala mchana, usiku yuko macho. "Kama mimi," akasema.

Sikumpa mwenye fremu, nilimpa mzee. Kwenye kadi ya chanjo, mahali pa jina la mmiliki, nilimwandika yeye, na tukakubaliana mbele ya mwenye fremu kwamba kazi ikiisha, mbwa anaondoka naye. Nalisisitiza hilo kwa sababu walinzi huhamishwa kila uchao, na mbwa akiwa mali ya lindo hurudi kuwa mbwa wa saiti. Mzee alipohamishiwa Mbagala, alikodi bajaji kupitia Kongowe, Nondo amekaa miguuni, kichwa nje. Usiku wanagawana chapati na chai ya rangi. Siku akiumwa kupe, mzee hunipigia kabla hajanunua dawa. Kuna watu wenye mageti ya umeme ambao hawajanipigia tangu wachukue mbwa.

Tangu hapo nimewapa walinzi mbwa wengi kuliko ninaowapa wenye nyumba. Mbwa wetu si wa kochi. Anachohitaji ni mtu aliye macho anapokuwa macho, chakula cha uhakika hata kama ni dona na utumbo, kivuli, maji, na mkono unaompapasa kutafuta kupe. Mlinzi ana vyote hivyo isipokuwa hela ya daktari. Hela ya daktari ndiyo ninayowaomba wenye ukuta mrefu.

Magonjwa nitayapitia haraka, kila moja lina makala yake. Homa ya kupe ndiyo ya kila wiki: mbwa anaacha kula, fizi zinapauka, macho yanakufa, akiwahiwa, dawa ya doksi (doxycycline) humrudisha. Ndiyo inayofanya mbwa wa kizungu walionunuliwa kwa mamilioni waishie kwangu, kwa sababu mwenyewe aliona mbwa hatembei akadhani kauziwa kibovu. Wapo pia wale funza wa ngozi: inzi hutaga kwenye mchanga na nguo mbichi, funza anajichimbia, anaacha kitundu cha kupumulia. Ndiye aliyewafanya bibi zetu wasisitize nguo zipigwe pasi hata chupi. Unapaka mafuta ya mgando kwenye kitundu, anakosa pumzi, anajitokeza, unamminya. Na parvo, ugonjwa wa kirusi wa kutapika na kuhara unaoua watoto wa mbwa, ambao sina la mzaha juu yake. Ulijitokeza duniani mwaka 1978 na haujawahi kuondoka. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, sabuni haikidhuru, jiki ndiyo inayokiua. Watoto wa kwenye kiroba hawaingii uani. Wana karantini yao upande wa pili wa nyumba, na viatu vya huko havivuki kuja huku.

Kichaa cha mbwa hakiwezi kupitiwa haraka. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba haipo tena. Lakini ni ugonjwa dhaifu kuliko sifa zake. Watafiti waliofuatilia visa kimoja kimoja katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro waligundua kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa kati ya mmoja na wawili tu. Ndiyo maana ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kwenda. Pemba walichanja kuanzia 2010 mpaka kikatoweka. Mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja tena, kikatoweka tena. Hiyo ni Pemba yetu hapa, wala si Uswisi.

Hata hivyo kuna miji ambako malalamiko yakizidi inatangazwa operesheni ya kupiga risasi mbwa wazururaji au kuwatupia sumu. Nani anakufa kwanza? Yule anayemkimbilia mtu akitikisa mkia, yaani aliyezoea watu, yaani mara nyingi aliyechanjwa. Mwoga anakimbilia kichakani. Jalala linabaki palepale, limejaa, na mbwa wa kata jirani wanahamia kula. Mwaka unaofuata mko mlipokuwa, ila sasa wachache kati yao wana chanjo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Risasi ni rahisi kuliko kuisoma.

Ukiumwa na mbwa, awe wa mtaani au wa jirani unayemwamini, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Usipake mafuta, pilipili wala petroli. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze chanjo.

Wasomaji huniuliza kila mara ninaishije na majirani, kwa kuwa mtaa wangu ni wa Waislamu wengi. Ninaishi vizuri, kwa utaratibu. Wengi wanafuata madhehebu ya Shafii: kwao mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo halinishindi kuliheshimu: mbwa wangu hawatoki nje bila kamba, na hawapitishwi njia ya msikitini. Kuchukia mbwa ni habari nyingine. Jirani yangu, ustadhi mstaafu wa madrasa, ndiye aliyenisimulia kisimani kwake ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Kisha akaniambia kilichomleta. Mbwa wangu walikuwa wanaitikia adhana ya alfajiri. Wote. Mwadhini akianza kuvuta sauti, mmoja anainua pua juu, anaanza, wengine wanapokea.

Ilikuwa aibu kubwa. Tulijaribu kuwafungia ndani, wakalia zaidi. Mwishowe kijana wangu akaja na dawa: uji. Sasa sufuria inaondolewa jikoni kabla ya alfajiri, na adhana ikianza kila mbwa anamwagiwa uji wake wa dona. Mdomo uliojaa haulii. Miezi michache baadaye, wakisikia mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti wanajipanga kimya kwenye mabakuli yao. Ustadhi amenipitishia vichwa vya samaki juu ya ukuta mara nyingi tangu hapo, kwenye ndoo ambayo haiingii ndani kwake tena.

Kwa sasa wapo majike watano waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kuchanjwa, mmoja wao mzee anayehitaji ua usio na ngazi. Wapo watoto wawili wa kiroba ambao wako karantini hadi mwisho wa mwezi. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nitakuwa getini na bwana mifugo. Leta mbwa wako na kamba, hata ya kanga. Tunahitaji dona, magunia makavu, jiki, na mtu mwenye gari la kupeleka wawili kwa walinzi wa Toangoma. Ukitaka kuja, njoo Jumamosi baada ya saa nne, tukishamaliza usafi, na uvae viatu vya kufunika. Madume wakali weusi wameisha.